Nyota ya Kaltofeni

Sisi watu wa Kariakoo tulikula jina la Kaltofeni kila asubuhi pamoja na chai, na hakuna aliyeuliza maana yake mpaka mwenyewe alipoleta posa nyumbani kwetu.

Mkate wa boflo tuliuita kaltofeni. Mtoto akitumwa aliambiwa, "Kalete kaltofeni mbili, na ole wako uzitoboe njiani." Waliozaliwa baada ya vita walidhani mkate ndio uliotangulia, kisha mwokaji akaitwa kwa mkate wake. Kumbe ni kinyume. Zamani za Mjerumani, upande wa mji wanakokaa Wazungu, palikuwa na mwokaji aitwaye Bwana Kaltofen, na mkandaji wake alikuwa Mrisho wa hapa kwetu. Mrisho alipopata mtoto wa kiume akampa jina la bwana wake. Wengine wanasema alifanya hivyo kwa mapenzi, wengine wanasema alitaka apewe ruhusa ya kulala nyumbani siku saba. Vita vikaja, Mwingereza akaingia mjini, Bwana Kaltofen akachukuliwa mateka, hakuonekana tena. Tanuri lake likatiwa kufuli la serikali. Lakini kabla ya kufuli, Mrisho aliwahi kuchota makaa mekundu ya tanuri lile, akayatia chunguni, akakibeba chungu kichwani mpaka Kariakoo. Akajenga tanuri lake la matofali na udongo uani kwake, akalitia moto ule ule. Tangu siku hiyo halikuzimika. Mrisho alipofariki, mwanawe alirithi pipa la unga, jina, na moto.

Mwanawe huyo ndiye aliyetuma washenga.

Walikuja Ijumaa baada ya sala, wazee wawili wenye kanzu zilizonyooshwa, wakakaa barazani na baba yangu, Mzee Mwinyimvua, muuza nazi wa sokoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, napepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Baba alifurahi. Kaltofeni alikuwa jirani, kijana msafi, hana maneno mengi, na mkate wake haukuwa na mchanga. Nami nilikuwa nimeshajibu zamani moyoni, ila hakuna aliyeniuliza.

"Mimi sina neno," baba akawaambia washenga. "Lakini binti huyu amelelewa na shangazi yake tangu mama yake afariki. Ngoja nimwite."

Shangazi Siti hakungoja kuitwa. Akasema kutoka ndani, "Kwanza nyota."

Lazima niwaeleze habari ya shangazi na nyota. Alipokuwa msichana, Maalim Ubeid, ambaye mpaka leo ndiye anayesomesha watoto Kurani mtaani kwetu na kuwatazamia watu nyota zao, alimwambia yeye ni nyota ya maji, asiolewe na nyota ya moto. Asisikie. Akaolewa na Saif, mfanyabiashara wa samli, mzuri wa sura, nyota ya moto. Ndoa ile haikufika hata msimu wa pili wa maembe. Saif alikwenda Bagamoyo kuleta samli na samli ikarudi peke yake. Shangazi hakuolewa tena. Mimi Sitara nilipozaliwa na Maalim akatamka kwamba na mimi ni maji, shangazi aliapa kwamba hakuna moto utakaovuka kizingiti chetu kuja kunichukua.

"Unajua maji yakikutana na moto panatokea nini?" alimuuliza baba jioni ile washenga walipoondoka.

"Chai," akasema baba.

"Panatokea mvuke, Mwinyimvua! Na aliyepotea hewani ni mimi!"

Basi Maalim Ubeid akaitwa. Alikuja na ubao wake mdogo na kipande cha chaki, akakaa mkekani, akakunja mikono ya kanzu. Kazi yake ni hivi: jina la mtu analigeuza hesabu, herufi kwa herufi, anajumlisha na la mama yake, kisha anagawanya kwa nne, na kinachobaki kinamwambia kama mtu ni moto, upepo, maji au udongo. Majina ya watu wa pwani aliyamaliza kabla kahawa haijapoa. Kwa Kaltofeni kahawa ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Ndevu zake zikawa nyeupe zaidi kwa chaki.

"Hili halihesabiki," akasema mwisho. "Halikuumbwa kwa herufi zetu. Mara ya kwanza limenipa moto. Mara ya pili udongo. Mara ya tatu limenipa kichwa kuuma."

"Tumbadilishe jina," akasema baba. "Tumwite Abdallah, mambo yaishe."

"Haifai. Mtu akishaota meno na jina lake, nyota imeshamzoea. Ukimwita Abdallah leo, nyota itamtafuta Kaltofeni na kumpata pale pale." Akasafisha ubao. "Nileteeni maana yake. Kila jina lina maana, na maana ina asili. Nikiijua maana nitajua kama ni moto au si moto. Wewe, Mwinyimvua, jina lako nalijua bila chaki."

"Mvua," akasema shangazi. "Na ilinyesha."

"Ilinyesha kweli," akasema Maalim. "Siku ya harusi yake mimi nilikuwapo. Bonde la Jangwani lilijaa, sufuria ya pilau ikaelea uani kama mtumbwi, na bwana harusi akavushwa mgongoni mwa mtu. Lakini tangu siku ile, umemwona Mwinyimvua akipata taabu ya mvua? Nazi zake zimewahi kuoza? Fali ya jina, ule utabiri uliomo ndani yake, hutimia mara moja, ikishatimia imekwisha nguvu. Mbaya ni ile isiyotimia bado, inakungoja mlangoni."

Wote wakaitikia, wakaendelea na kahawa. Mimi nilikuwa namimina. Neno lile nililiweka mahali pake.

Kesho yake baba alimleta Mzee Seifu. Huyu alikuwa askari wa Mjerumani, ana kovu shingoni, na kwa maneno yake mwenyewe alijua Kijerumani chote. Hata hivyo, Kijerumani chake kilikuwa cha kupiga kelele tu, na hatukuwahi kumsikia akikisema kwa sauti ya kawaida.

"Kaltofen!" akasema, akasimama. "Nalijua. Hiyo ni amri."

"Amri ya nini?" akauliza shangazi.

"Ya vitani. Ofisa akisema KAL-TO-FEN!" Kuku wetu wakaruka, na mtoto wa jirani akaanza kulia. "Basi kikosi kizima kinasimama imara mbele ya adui, hakirudi nyuma."

"Na nyinyi mlisimama?"

Mzee Seifu akafikiri. "Mara nyingi tulikuwa tumeshaondoka."

"Kwa hiyo ni jina la kukimbia," akasema shangazi. "Kama Saif."

Baba akaona mambo yanaharibika. Akakumbuka kwamba Wajerumani walipoanza kuruhusiwa kurudi, alirudi fundi saa mmoja na mkewe, waliokuwako tangu kabla ya vita na wanaojua Kiswahili. Duka lao lilikuwa mjini, karibu na bandari. Shangazi akasema haendi mtu kumsikilizia. Atasikia kwa masikio yake. Tukaenda watatu, baba mbele, sisi nyuma na mabuibui yetu.

Dukani saa zilijaa ukutani, na kila moja ilikuwa na wakati wake. Fundi alikuwa mzee mwembamba, kioo kimemganda jichoni. Baba akamwamkia, akamweleza: kuna kijana anataka kuoa, jina lake limetoka kwa Mzungu, tunataka maana.

"Kaltofen," akasema fundi, na kile kioo kikadondoka. "Lo! Jina hili ni adimu sana. Hata kwetu Ulaya unaweza kuzunguka mwaka usimkute mtu mwenye nalo. Mimi nimemjua mmoja tu, na alikuwa hapa hapa, mwokaji."

"Ndiye huyo," akasema baba.

"Basi nitawaambia. Ni jina la kijiji. Kiko kwetu, Saksonia. Mimi nimepita pale utotoni, nimekunywa maziwa. Mtu wa kijiji kile alihamia kijiji kingine, wenyeji wakamwita kwa kule alikotoka. Kama nyinyi mnavyosema fulani wa Kilwa."

Baba akanitazama kwa furaha. Kijiji! Nani atakikataa kijiji? Lakini pazia la nyuma likafunguka, akatoka mkewe, mama mnene mwenye mashavu mekundu, na birika mkononi.

"Usiwadanganye watu," akamwambia mumewe kwa Kiswahili, ili na sisi tufaidike. "Mimi natoka Bavaria, sina kijiji cha kukisifia. Kalt ni baridi. Ofen ni tanuri, au jiko la nyumbani. Tanuri baridi! Zamani alikuwako mtu ambaye jiko lake halikuwaka moto. Labda alikuwa maskini hana kuni, labda mkewe mvivu. Majirani wakamcheka: yule, tanuri baridi! Yeye akafa, kicheko kikabaki kwa wajukuu."

"Ni kijiji!"

"Na kijiji kilipata wapi jina? Si kwa mtu huyo huyo na jiko lake?"

"Wewe hujafika!"

"Wewe umekunywa maziwa tu! Ulimwuliza ng'ombe?"

Hapo wakahamia kwenye Kijerumani, na hicho hakikuwa cha Mzee Seifu, kilikwenda mbio kama cherehani. Baba aliyekuwa na haraka ya kuokoa jambo akaingia katikati.

"Bwana fundi, samahani. Hicho kijiji kiko bondeni au mlimani?"

"Mlimani. Upepo mwingi."

"Upepo," baba akaniambia kwa sauti ya chini, akakunja kidole.

"Tanuri la kwetu ni la udongo," akasema mke wa fundi.

"Udongo," baba akakunja cha pili.

"Tanuri ni moto!" akasema shangazi.

"Lakini ni baridi, dada, kama maji," akasema baba, na vidole vinne vikawa vimekwisha. "Basi nyota zote zimo humu dukani. Tuchague."

Mama wa Kijerumani akacheka mpaka birika likamwagika. "Na yule Kaltofen alikuwa mwokaji! Mwokaji aitwaye Tanuri Baridi! Bila shaka kwao walimcheka mpaka akakimbilia Afrika." Kisha akaniangalia mimi, ingawa uso wangu ulikuwa umefunikwa. "Wewe ndiye bibi harusi? Huyo kijana wako, tanuri lake linawaka?"

"Linawaka, mama," nikasema.

"Basi maana ya jina itakufanyia nini?"

Shangazi alikuwa ameshatoka nje.

Tulipofika nyumbani alivua buibui, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, na mimi nikajua maneno yanakuja, maana alikaa pale bila nazi.

"Nilidhani nitaogopa moto," akasema. "Kumbe ni kibaya zaidi. Nyumba isiyowaka! Nimekulea kwa uji na kwa machozi, nikuoze kwenye jiko baridi ukafe njaa?"

Maalim Ubeid aliposikia alishika ndevu zake muda mrefu. "Tanuri ni moto. Baridi ni maji. Huyu ni nusu kwa nusu, na katika vitabu hayumo. Lakini fali naiona, nayo haijatimia. Inangoja."

"Inamngoja nani?" akauliza shangazi.

"Labda mwenyewe. Labda mke."

Basi ikaisha. Shangazi akamwambia baba kwamba Ijumaa washenga wakija kuchukua jibu, jibu ni hapana. Baba alitazama dari. Baba yangu ni mtu mwema sana, na watu wema sana hutazama dari.

Habari zilifika tanurini kabla yangu. Kila asubuhi na kila jioni mimi ndiye niliyekwenda kwa Kaltofeni, kununua mkate na kuomba moto. Wanawake wengi wa mtaani tulifanya hivyo, kiberiti tuliwaachia wenye haraka. Nilikuwa na kigae changu, kipande cha mtungi uliovunjika, yeye hunitilia makaa mawili matatu kwa koleo, nami nayabeba nyumbani, nayazika kwenye majivu ya jiko letu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu tangu nikiwa mdogo: "Umeamkaje?" "Salama." Makaa. "Ahsante."

Alhamisi jioni nilipofika, makuli wa bandarini walikuwa wamejazana mlangoni.

"Kaltofeni, tupe minne, ya moto kama unayo!"

"Usimsumbue, tanuri lake lina homa ya baridi!"

"Nasikia bibi yake alipikia juani!"

Yeye alikuwa akikanda tu, mikono imezama pipani, unga mpaka kwenye nyusi. Walipoondoka akaja na koleo.

"Nimesikia mimi ni tanuri baridi," akasema.

"Umesikia na la Ijumaa?"

"Nimesikia." Akachota makaa, asiyatie kwenye kigae. "Mimi sijui nyota, binti Mwinyimvua. Najua hamira. Niambie la kufanya, nitafanya."

Nilikuwa nimelifikiri siku nzima, lakini kulisema ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Nikamweleza habari ya pilau iliyoelea, na kwamba fali ya jina ikishatimia haina nguvu tena. Alinisikiliza. Alielewa kabla sijamaliza, maana aligeuka kulitazama tanuri lake. Magogo ya mikoko yalikuwa yakiwaka ndani.

"Unataka lipoe."

"Siku moja."

"Baba aliubeba moto huu kichwani," akasema polepole. "Hapa utosini nywele hazikuota tena mpaka tunamzika. Aliniambia, uza pipa, uza nyumba, moto usizime. Nikiuzima, nitamwambia nini?"

Nilinyoosha kigae. Akatia yale makaa, kwa mazoea tu.

"Na huu ninaokwenda nao," nikasema, "ni wa nani?"

Akatazama kigae. Kisha akanitazama mimi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama hivyo, maana kwa kawaida alitazama makaa. Nyuma yangu bibi mmoja akasema, "Jamani, mnachumbiana au mnauza mikate?" Nikaondoka. Sikujua kama nimemwambia neno la maana au nimemtukania baba yake. Usiku ule niliyafunika makaa kwa majivu vizuri kuliko siku zote.

Ijumaa Kariakoo iliamka bila harufu.

Hamwezi kujua harufu ya mkate ni kitu gani mpaka ikosekane. Majogoo waliwika, adhana ikapita, lakini watu walitoka milangoni wakinusa kama waliopotelewa na mbuzi. Kisha kelele zikaanza. Makuli walitakiwa bandarini na hawakuwa wamekula. Wachuuzi wa soko waliacha meza zao. Mama mmoja alikuwa na wageni wa maulidi na sinia tupu. Mzee Seifu alisimama mbele ya mlango wa tanuri akapiga amri, "KAL-TO-FEN!" na safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, watu wote walisimama.

Nyumbani kwetu shangazi alikaa mbele ya kikombe. Yeye chai bila boflo hainywi. Humega kipande, akakichovya, ndipo siku yake ianze.

"Mkate uko wapi?"

"Haukuokwa, shangazi. Wanasema tanuri limepoa."

Alijifunga kanga, akatoka. Baba akamfuata, nami nikamfuata baba.

Tulimkuta Kaltofeni amekaa juu ya pipa, mikono magotini, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Watu walimshangaa kwa hilo kwanza. Hatukuwahi kumwona bila unga, na wengine hawakujua kwamba nyusi zake ni nyeusi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kumetokea nini, wewe kijana?" akauliza shangazi.

"Limepoa."

"Limepoaje?"

"Kama jina langu, mama."

Maalim Ubeid akafika, na hakuitwa na mtu. Chuoni kwake watoto wote walikuwa na njaa na walikuwa wakisoma wamelegea. Watu wakampisha. "Maalim, tazama mwenyewe!" Akaona hana njia. Akakunja mkono wa kanzu, akainama, akaingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri, kwanza mpaka kiwikoni, akipapasa kama anayetafuta yai chini ya kuku, kisha mpaka begani, na shavu lake likagusa matofali.

"Baridi," akasema kutoka huko ndani.

Akajitoa. Upande mmoja alikuwa Maalim, upande wa pili alikuwa majivu.

"Baridi kabisa. Tanuri baridi. Limetimia." Akageuka kwa shangazi, na nikaona maneno yake mwenyewe yakimrudia mdomoni. "Fali imekwisha, Bi Siti. Haina tena cha kungoja."

"Basi liwashwe!" makuli wakapiga kelele. "Twende kazini!"

Mmoja akarusha kiberiti. Kaltofeni alikidaka, akakirudisha.

"Siwashi kwa kiberiti. Moto wa humu ulikuwa wa baba yangu. Kama haupo, sioki tena. Nitatafuta kazi nyingine."

Watu waliguna kwa pamoja, sauti moja ndefu. Nami nilimwelewa: hakuwa akitania. Alikuwa ameweka kila alicho nacho juu ya maneno machache ya kigaeni. Alinitafuta kwa macho. Lakini jiko la kwetu lilikuwa la shangazi, si langu. Nilimtazama shangazi.

"Unanitazamia nini?" akasema.

"Moto wetu, shangazi. Nauchukua hapa."

"Unauchukua hapa lini?"

"Kila siku. Na jana jioni."

"Ina maana ule ulioko jikoni sasa hivi, uliochemsha chai yangu..."

"Ndio huo."

Nilimwona akihesabu, si kama Maalim, ila kwa kunitazama juu mpaka chini, kana kwamba ananiona nikiwa na kigae nikiwa mdogo, halafu mkubwa kidogo, halafu leo. Kisha akageuka akaenda zake. Watu wakadhani amekasirika. Baba akatafuta dari, lakini tulikuwa nje.

Akarudi na kigae kimejaa, amekishika kwa ncha za kanga, analia kwa moshi. Nasema kwa moshi kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo.

"Maalim," akasema, "mtoto huyu ulimtamka maji. Mimi nimemwachia jiko tangu hajafika mezani. Na moto wa watu hajauzima hata siku moja. Kitabu chako kinasemaje?"

Maalim Ubeid alipangusa majivu usoni, akayaeneza. "Kitabu hakikumjua Sitara," akasema.

Shangazi akamnyooshea Kaltofeni kigae. "Pokea moto wa baba yako. Na washenga wako wakija leo baada ya sala, waambie wasije mikono mitupu. Waje na mikate."

Kaltofeni alikipokea kwa mikono miwili. Alisahau kwamba amevaa kanzu nyeupe. Alipiga magoti kwenye majivu, akayaweka makaa, akapuliza. Makuli walijisogeza wakapuliza pamoja naye, na Mzee Seifu akawaamuru namna ya kupuliza. Gogo la kwanza liliposhika, mtu mmoja akapiga kigelegele, na nilipogeuka nikaona ni baba.

Mwaka umepita sasa, nami ninaandika haya nimekaa kwenye lile pipa. Fundi saa na mkewe walikuja harusini, wakagombana juu ya kile kijiji mpaka kwenye pilau. Mimi sikuwaamulia. Nilikuwa na njaa, na mkate ulikuwa wa moto.

Ile asubuhi, tulipokuwa tunangoja mikate ya kwanza itoke, shangazi alimimina maji sufuriani, akaiweka juu ya makaa yaliyobaki jikoni kwetu. Yakaanza kuchemka. Baba alikuja akachungulia, akachukua kikombe chake.

"Dada," akasema, "niliposema chai, ulinigombeza."

"Kunywa, Mwinyimvua," akasema shangazi. "Kunywa unyamaze."

Lakini alimwekea sukari.